Nani ana nafasi katika makongamano ya madaktari?

Na DAKTARI WETU

Mara kwa mara wakazi wa mijini huona mabango makubwa nje ya hoteli yakiwakaribisha wajumbe wa kongamano la madaktari. Magari hujaa uwanjani, wajumbe hutembea na mikoba yenye majina ya dawa, na jioni nyama huchomwa. Mpita njia husema kwamba hayo ni mambo ya madaktari, kisha huenda zake.

Ukweli ni kwamba mambo hayo yanamhusu sana. Dawa atakayoandikiwa mwezi ujao, chanjo atakayopewa mtoto wake, na hata maswali atakayoulizwa akifika hospitalini, mengi huzungumzwa kwanza katika kumbi hizo. Iwapo walioketi humo ni watu wa aina moja tu, au iwapo baadhi yao wamenyamaza kwa hofu, mgonjwa aliye mbali ndiye atakayelipa gharama.

Makala haya yanaeleza kwa nini makongamano ya afya yanahitaji kanuni zilizoandikwa kuhusu mambo mawili: nani anashirikishwa, na waliohudhuria wanapaswa kutendeana vipi. Mifano mingi imetoka Kitui na Makueni, kwa sababu kaunti hizo mbili zimelipa bei ya kutojua kuliko sehemu nyingi za Kenya.

KONGAMANO NI NINI?

Kongamano la afya ni mahali ambapo wataalamu huelezana walichokiona kazini, utafiti walioufanya na matibabu mapya. Nchini Kenya lina uzito mwingine tena. Ili leseni ya daktari ifanywe upya, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno humtaka kila mwaka aonyeshe kwamba amekusanya pointi 50 za masomo ya kuendeleza ujuzi. Maafisa wa kliniki na wauguzi nao wana mabaraza yao yanayowataka waendelee kusoma. Kuhudhuria makongamano ni mojawapo ya njia za kupata pointi hizo.

Kwa hivyo, mtu anayefungiwa nje ya kongamano au anayelikimbia kwa kuwa alidhulumiwa humo hakosi chai na mandazi pekee. Anakosa elimu, anakosa pointi na anakosa kufahamiana na watu wanaoweza kumsaidia kupanda cheo. Wagonjwa wake nao hukosa yale ambayo angewaletea.

FUNZO LA MAHINDI YENYE SUMU

Kati ya Machi na Juni 1981, wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali tatu za wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha sehemu ambazo tangu 1992 zinaitwa Makueni. Maini yao yalikuwa yameharibika. Watu 12 walikufa. Chanzo kilikuwa mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu na ambayo siku hizi wengi huiita sumukuvu. Kabla ya watu kuugua, wenyeji walikuwa wamegundua kwamba njiwa wametoweka na mbwa wengi wamekufa.

Tafakari habari hiyo ya njiwa, msomaji. Hakuna maabara iliyoitoa. Ilitoka kwa watu wanaoamka alfajiri kufagia ua na kuwamwagia kuku punje.

Mwaka wa 2004 maafa hayo yalirudi kwa nguvu zaidi, na safari hii yalizikumba hasa wilaya za Makueni na Kitui. Kufikia Julai 20 mwaka huo, watu 317 walikuwa wameripotiwa kuugua na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Hiyo ni kama watu wanne katika kila kumi waliougua. Baadhi ya mahindi yaliyopimwa yalikuwa na sumu hiyo kufikia sehemu 4,400 kwa kila bilioni, ilhali kiwango kilichoruhusiwa nchini wakati huo kilikuwa 20. Wachunguzi walipochukua sampuli 350 za bidhaa za mahindi katika masoko ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika, asilimia 55 zilipita kiwango hicho.

Daktari anayemwona mgonjwa mwenye macho ya manjano hufikiria kwanza virusi vya ini. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Ili afikirie mahindi, ni lazima awe amesikia habari za mahindi. Wachunguzi wa 2004 walizipata kwa kwenda vijijini. Waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu wazima 80 wa sehemu hizo hizo, wakawauliza jinsi wanavyovuna na kuhifadhi chakula. Wakagundua kwamba nyumba za waliougua zilikuwa na mazoea zaidi ya kuweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba wanamolala badala ya ghalani.

Kwa nini mtu aweke mahindi mabichi chumbani? Anayeishi Nairobi anaweza kudhani ni ujinga. Lakini muulize mama wa Kibwezi au Mutomo, naye atakueleza kwamba wakati wa njaa mahindi yaliyo shambani au kwenye ghala la nje huibwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ushauri wa kuweka mahindi ghalani haufai kitu kama hausemi lolote juu ya wezi.

Aflatoksini si hadithi iliyokwisha, kwani watu waliugua tena katika sehemu hizo 2005 na 2006. Tangu hapo imezungumzwa katika mikutano mingi ya wataalamu wa afya na wa kilimo. Kila unapoitishwa mkutano kama huo, swali langu huwa ni lile lile: je, afisa wa kliniki wa zahanati, muuguzi wa wodi na mama mwenye ghala wamealikwa? Na wakialikwa, watapewa kipaza sauti au watapewa kiti cha nyuma tu?

WANAOACHWA NJE

Katika miaka yangu ya udaktari nimeona kwamba watu huachwa nje ya makongamano bila ya mtu yeyote kuwafukuza. Njia ni nyingi.

Ya kwanza ni pesa na umbali. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita 30,000 za mraba na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 humo. Muuguzi wa Tseikuru anayetaka kuhudhuria mkutano wa siku tatu jijini Nairobi au Mombasa anahitaji nauli, mahali pa kulala, ada ya kujisajili na mtu wa kumshikia zamu. Mara nyingi hana hata kimoja. Daktari bingwa wa jijini hulipiwa vyote.

Ya pili ni cheo. Mjumbe asiyekuwa daktari huwekwa katika kikao cha mwisho cha siku ya mwisho, wakati watu wanafunga mizigo. Katika mkutano mmoja niliouhudhuria, muuguzi alisimama kueleza jinsi akina mama wanavyochelewa kufika kujifungua. Mwenyekiti alimkata kauli baada ya dakika mbili kwa madai kwamba muda umekwisha, kisha akamwachia profesa aliyefuata aongee dakika 20 zaidi ya muda wake. Muuguzi yule hakuuliza wala kusema lolote tena hadi tukaondoka.

Ya tatu ni jinsia. Wauguzi wengi ni wanawake na madaktari wa kike wameongezeka, lakini bado utaona meza kuu iliyojaa wanaume watupu, huku wanawake wakipewa kazi ya kusajili wajumbe na kugawa vijitabu. Hakuna anayeweza kudai kwamba Ukambani hakuna wanawake wa kuketi mbele. Waziri wa Afya wakati wa maafa ya 2004 alikuwa Bi Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati, ambaye 2017 alichaguliwa kuwa gavana wa Kitui na kuwa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kushika wadhifa huo nchini.

Ya nne ni ulemavu. Ukumbi ulio orofani bila lifti humfungia nje mtu wa kiti cha magurudumu. Mkutano usio na mkalimani wa lugha ya ishara humfungia nje kiziwi, hata akiwa ameketi ndani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma na kutumia lugha ya ishara au maandishi ya Braille. Mama anayenyonyesha naye asipopata chumba cha faragha hulazimika kubaki nyumbani. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea kazini, na hakuna sababu ya wataalamu wa afya kusahau jambo hilo wanapoingia hotelini.

Ya tano ni lugha. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 kote nchini. Hao ndio wanaoingia nyumba hadi nyumba. Wengi wao wanaweza kueleza kwa Kikamba au Kiswahili mambo ambayo hakuna tarakimu itakayoyaonyesha, lakini kongamano likiendeshwa kwa Kiingereza tupu watanyamaza.

TABIA NDANI YA UKUMBI

Kuingia ukumbini ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni jinsi mtu anavyotendewa akiwa humo.

Jambo ambalo wengi huliongelea kwa kunong'ona ni dhuluma za kimapenzi. Mwanafunzi au daktari kijana hufika kongamanoni akitafuta mtu wa kumwelekeza katika masomo. Mkubwa mwenye uwezo wa kumpa nafasi hiyo humwambia wakazungumze chumbani usiku. Akikataa, anaogopa kwamba jina lake litakatwa. Akilalamika, anaulizwa alikuwa akifanya nini baa. Nimewasikia vijana, wengi wao wa kike, wakisema kwamba hawataki tena kwenda mikutano ya kulala nje.

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, ambayo mswada wake ulipelekwa bungeni na Bi Njoki Ndung'u, wakati huo akiwa mbunge wa kuteuliwa, inamwadhibu mtu mwenye mamlaka anayemsumbua mwingine kimapenzi kwa kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua Sh100,000, au vyote viwili. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa kuhusu dhuluma hizo.

Tatizo ni kwamba kongamano halina mwajiri mmoja. Aliyedhulumiwa ameajiriwa na kaunti ya Makueni, aliyemdhulumu anafundisha katika chuo cha mbali, hoteli ni ya mfanyabiashara, na mwandalizi ni chama cha wataalamu. Kila mmoja humwelekeza mlalamishi kwa mwingine mpaka anachoka. Hii ndiyo sababu kubwa ya mkutano wenyewe kuwa na kanuni zake na mtu wake wa kupokea malalamiko.

Jambo lingine ni siri za wagonjwa. Daktari huonyesha ukutani picha ya mgonjwa ili kuwafundisha wenzake. Amefuta jina, lakini uso unaonekana, na kijiji kimetajwa. Katika mji mdogo kama Wote au Mwingi, hayo yanatosha kumtambulisha. Siku hizi wajumbe wana simu za kupiga picha, na picha hiyo inaweza kumfikia jirani wa mgonjwa kabla ya msemaji kuketi. Katiba inalinda faragha katika kifungu cha 31, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Idhini ya mgonjwa si adabu tu, ni haki yake.

Tatu ni wafadhili. Kampuni ya dawa ikilipia ukumbi, chakula na msemaji, mjumbe ana haki ya kujua hayo kabla ya kusikia dawa fulani ikisifiwa. Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo kwamba kampuni za maziwa ya watoto zisifadhili mikutano ya wahudumu wa afya. Kama fedha za maziwa ya kopo zinaweza kumpotosha mkunga, za vidonge nazo zinaweza kumpotosha daktari.

DUNIA IMEPITIA HAYA

Huenda msomaji akadhani kwamba huku ni kuiga mambo ya kigeni. Lakini nchi za nje nazo zilifundishwa somo hili kwa shida, na waliowafundisha walikuwa wagonjwa. Mwaka wa 1983, mjini Denver, Marekani, watu kadhaa waliokuwa na Ukimwi walipanda jukwaani katika mkutano wa afya wakasoma madai yao. Walitaka wasiitwe wahanga na washirikishwe katika kila uamuzi unaowahusu. Jambo hilo lilibadilisha makongamano ya Ukimwi duniani kote. Mwaka wa 1992, kongamano la kimataifa la Ukimwi lililokuwa lifanyike Boston lilihamishiwa Amsterdam kwa sababu Marekani ilikuwa ikiwazuia wenye virusi kuingia nchini humo.

Hata hivyo safari haijaisha. Kongamano la Ukimwi la Montreal, Canada, mwaka wa 2022, lilianza huku Waafrika wengi waliotarajiwa kuhudhuria wakiwa wamenyimwa viza. Nao Waafrika walilalamika kwa haki. Lakini yafaa tujiulize: iwapo tunaona uchungu Montreal inapotufungia nje, mbona muuguzi wa Ikutha asione uchungu Nairobi inapomfungia nje?

Mfano mwema ni wa Dkt Francis Collins, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi za Kitaifa za Afya nchini Marekani. Mwaka wa 2019 alitangaza kwamba hatakubali tena kuzungumza katika mikutano isiyowapa wanawake na makundi mengine nafasi ya haki jukwaani. Hatua hiyo haihitaji bajeti yoyote. Daktari mkuu yeyote wa hapa kwetu anaweza kuichukua kesho.

KANUNI ZINAZOPENDEKEZWA

Kanuni nzuri hujaa ukurasa mmoja na husomeka kwa urahisi. Naonelea ziwe na mambo haya:

1. Kamati ya kuandaa iwe na daktari, afisa wa kliniki, muuguzi, mhudumu wa afya ya jamii na mwakilishi wa wagonjwa. Jinsia moja isizidi thuluthi mbili, kama Katiba inavyosema kuhusu vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa.

2. Kila ugonjwa utakaojadiliwa uwe na msemaji kutoka mahali unakoua. Anayezungumzia aflatoksini asikose mwenzake wa Makueni au Kitui jukwaani.

3. Sehemu ya fedha za wafadhili itengwe kwa nauli na malazi ya wanaotoka zahanati za mbali. Wasioweza kusafiri wapewe njia ya kusikiliza na kuuliza maswali kwa simu au kompyuta, kama tulivyozoea wakati wa korona, na wahesabiwe pointi zao.

4. Ukumbi ukaguliwe mapema: njia ya kiti cha magurudumu, vyoo, mkalimani wa lugha ya ishara, na chumba cha kunyonyeshea.

5. Mwenyekiti wa kikao awe na saa, na dakika ziwe sawa kwa profesa na muuguzi.

6. Dhuluma za kimapenzi, matusi na dharau za kikabila zipigwe marufuku kwa maandishi, ukumbini, baani na katika safari. Watu wawili, mwanamke na mwanamume wasiokuwa wakubwa wa chama, watangazwe kuwa wapokeaji wa malalamiko, na nambari zao za simu zichapishwe kwenye ratiba.

7. Adhabu zitajwe mapema: kuonywa, kutolewa ukumbini, kunyimwa pointi, kutoalikwa tena. Makosa ya jinai yapelekwe kwa polisi, na ya kitaaluma kwa baraza husika.

8. Picha ya mgonjwa isionyeshwe bila idhini yake ya maandishi, na kila msemaji ataje aliyemlipa kabla ya kuanza.

NANI ATAZITIA NGUVU?

Kanuni bila mwenye kuzisimamia ni karatasi tu. Lakini nyenzo ipo tayari, nayo ni zile pointi. Mabaraza ya taaluma ndiyo huamua ni mafunzo gani yanahesabika. Yakisema kwamba mkutano usio na kanuni za maadili hautahesabiwa, waandalizi watazitunga kwa wiki moja, kwa maana wajumbe hawatalipia mkutano usio na pointi.

Kaunti nazo zina uwezo, kwa kuwa tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwao. Makueni inafahamika kwa kuanzisha mashauriano ya wananchi kuhusu bajeti kutoka ngazi ya kijiji. Ikiwa mkulima wa Mbooni anaweza kujadili bajeti ya bwawa, anaweza pia kuwaeleza madaktari kwa nini analala na mahindi yake. Makueni na Kitui zikikubaliana juu ya ukurasa mmoja wa kanuni kwa kila mkutano wa afya zinaoufadhili, kaunti nyingine zitakuja kuuomba.

Wapo watakaosema kwamba mkutano wa wataalamu utageuka kuwa baraza la chifu. Hofu hiyo haina msingi. Vikao vya upasuaji wa ubongo vitabaki kuwa vya wapasuaji, lakini hata mpasuaji kijana anahitaji kulindwa humo. Wengine watasema gharama ni kubwa. Saa ya mwenyekiti na nambari mbili za simu zitagharimu kiasi gani? Bila shaka mkalimani na nauli zina gharama, lakini mikoba na nyama choma pia zina gharama, na hakuna aliyewahi kuahirisha kongamano kwa ajili ya hizo.

Wakamba wana desturi ya mwethya, ambapo watu hukusanyika kwa kazi ya pamoja, kama vile kulima au kujenga matuta. Kila mtu huja na jembe lake, na kila shamba hupata zamu yake. Kikundi kinachofuata kanuni zake hudumu, na kisichozifuata huvunjika. Madaktari hawana sababu ya kushindwa na jambo ambalo akina mama wa mwethya wameliweza kwa miaka mingi.

Wewe msomaji unayo sehemu yako. Ukiwa mhudumu wa afya, uliza kanuni ziko wapi kabla ya kulipa ada ya kujisajili. Ukiwa mgonjwa na daktari akaomba picha yako, muulize itaonyeshwa wapi, na ujue una haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu. Na ukiona jambo lisilo la kawaida nyumbani kwako, iwe ni njiwa wametoweka au mbwa wanakufa ovyo, nenda ukaliseme zahanati iliyo karibu. Ni juu yetu madaktari kuhakikisha kwamba neno lako linafika ukumbini.